Kata ubeti wa mwisho

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina kikundi cha watoto 30 hivi, wa darasa la tatu hadi la sita, hapa Tanga. Tunakutana kila Jumamosi kwa ngonjera, maigizo, hadithi na kuchora. Nimesikia kuna walimu wanaowafikishia watoto falsafa kupitia sanaa, na jambo hilo limenikaa moyoni. Lakini mimi falsafa sikuisoma. Tena baba mmoja ameshanionya kwamba nitawafundisha watoto kujibizana na wakubwa. Nianzie wapi, na huyu mzazi nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Sanaa unayo na watoto unao. Nadhani linalokukwamisha ni zile dakika tano za mwisho, pale hadithi inapokwisha na mwalimu anauliza, "Haya, hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo nimeliuliza mwenyewe kwa miaka mingi nikiamini nafundisha. Siku moja nikiwa nasimulia hadithi ya fisi, mtoto wa darasa la tatu aliinua mkono hata sijafika katikati, akasema, "Inatufundisha tusiwe na tamaa." Hadithi haijaisha, fundisho keshalipata. Alikuwa hasikilizi tena, anangoja kusifiwa. Niliumia, kwa sababu niliona kwamba mimi ndiye niliyemzoesha hivyo. Tangu siku ile swali hilo nimeliacha.

Tuanze na ngonjera, maana umeitaja ya kwanza. Marehemu Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyefariki 1969, ndiye aliyeikuza na kuieneza, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa chombo cha kuwaeleza wananchi siasa ya Ujamaa. Wewe na mimi tumeikariri shuleni. Upande mmoja unabisha, upande wa pili unaelimisha, na ubeti wa mwisho wote wanasimama bega kwa bega wakiimba kwamba wamekubaliana. Kwa kazi ya kuhamasisha, umbo hilo linafaa sana na silidharau. Kwa falsafa halitafaa mpaka uukate ule ubeti wa mwisho, na kabla ya hapo uhakikishe kwamba yule anayebisha naye amepewa hoja za maana. Katika ngonjera nyingi za shule mbishi ni mjinga tangu ubeti wa kwanza, na watoto wanajua atashindwa. Hakuna cha kufikiri hapo.

Kuna ngonjera niliyoitunga na kikundi kimoja cha darasa la tano, kuhusu bibi aliyemwapisha mjukuu wake kwamba mwembe wa uani hautakatwa kamwe. Bibi akafa, ada ya shule ikakosekana, na mnunuzi wa mbao akaja na pesa mkononi. Kaka anataka kuuza, dada hataki. Kaka alianza hivi:

Bibi kafa, katutoka, hajui ya ulimwengu,
Mwembe ukishaanguka, nitalipa ada yangu.

Tukasimama hapo, beti za dada zikiwa bado hazijatungwa, nikawauliza watoto: dada aseme nini? Wa kwanza walisema atamtishia kaka kwa mzimu wa bibi. Wengine wakakataa, kwamba hilo ni kumtia hofu tu, na mtu aliyeogopa hajakubali. Hapo nilinyamaza, nikawaacha. Mvulana mmoja mkimya, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema, "Lakini aliyeapa hajafa. Kafa bibi." Darasa lilitulia. Wengi wetu tunaiona ahadi kama deni, na anayedai akifa bila mrithi, deni limekwisha. Mtoto huyu aliiona ahadi kama kitu kinachokaa kwa mwenye kuitoa. Wanafalsafa wamebishana juu ya jambo hilo hilo kwa karne nyingi: je, wafu tunaweza kuwakosea? Na kama hawawezi kuumia, kosa linamwangukia nani? Watoto wakamtungia dada ubeti kutokana na maneno yale:

Neno uliloapia, kumbe lilikuwa lake?
Wewe ulomwahidia, u hai, basi lishike.

Kaka naye alijibu kwa nguvu, kwamba bibi angekuwa hai angemsamehe, na je, hatuwezi kumsikiliza bibi ambaye angekuwepo badala ya yule aliyekuwepo? Ngonjera ikaishia kwenye ubishi huo. Siku ya wazazi walipoisoma, watu wazima walibaki uwanjani wakibishana hadi magharibi, na mzee mmoja akaeleza mbele ya wote kiapo alichowahi kukivunja. Watu wakiniuliza falsafa inaufikiaje umma, mimi huikumbuka jioni ile.

Sasa hadithi. Pwani tunamjua Abunuwasi, na moja ya visa vyake inafaa kwa Jumamosi yako ya kwanza. Maskini alikaa chini ya dirisha la tajiri akala mkate wake mkavu kwa harufu ya nyama iliyokuwa ikipikwa ndani. Tajiri akamshtaki, anadai alipwe harufu yake. Abunuwasi akazitikisa sarafu zikalia, akamwambia tajiri: umeshalipwa, mlio wa fedha kwa harufu ya chakula. Watu hucheka na kisa huishia hapo. Mimi huwa nakikata kabla Abunuwasi hajafika, pale kadhi anapouliza, "Je, huyu adaiwa?" Nafunga mdomo na kuchukua chaki.

Katika darasa moja la nne, mtoto wa kwanza alisema harufu haina mwenyewe kwa sababu inapeperuka. Nikamuuliza kama kila kinachotoka kwako kwenda kwa jirani huwa hakina mwenyewe. "Na kuku je?" Wakacheka, kisha wakafikiri: kuku ana miguu ya kurudi, harufu hairudi. Msichana ambaye mama yake anauza maandazi asubuhi akasema harufu ni ya mama yake kabisa, maana ndiyo inayowaita wateja. Basi anayeinusa akapita bila kununua ameiba? "Hapana. Mama ameitoa mwenyewe." Tazama alichokifanya: ametenganisha kitu ambacho si mali na kitu ambacho ni mali lakini kimetolewa bure. Ni watu wazima wachache wanaozitenganisha hizo mbili bila kusaidiwa. Kisha mvulana mmoja, kwa hasira za kweli, akasema, "Kama harufu ni mali yake, na moshi ni mali yake. Aje auchukue, unaingia kwetu kila jioni."

Hilo la moshi lilituchukua kipindi chote kilichobaki. Je, unaweza kudai kizuri kinachotoka kwako na kukikana kibaya? Walifika hadi kwenye mitaro ya maji machafu na muziki wa sherehe usiku wa manane. Ndipo mwishoni, zikiwa zimebaki dakika chache, nikawasimulia hukumu ya Abunuwasi. Nilitegemea vicheko. Vilikuwepo, lakini msichana mmoja hakucheka. Alisema Abunuwasi amekosea, kwa sababu kwa kulipa hata mlio tu, amekubali kwamba harufu ina bei. Nimekisimulia kisa hicho tangu ujana wangu na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Yaliyofanyika pale si ufundi mkubwa. Sanaa inatangulia, nayo haielezwi. Watoto wanaandika maswali yao wenyewe, wawili wawili au wanne wanne, na kila swali linawekwa ubaoni pamoja na majina ya walioliuliza. Wanachagua moja kwa kunyoosha mikono. Mwalimu ana maneno machache tu: una maana gani, kwa nini unasema hivyo, nani anaona vingine, kuna mahali ambapo haitakuwa hivyo? La kuambatanisha jina na swali usilione dogo. Mtoto ambaye hajawahi kuwa wa kwanza darasani huliangalia jina lake pale juu kama cheti.

Utaratibu huu una historia. Matthew Lipman alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alihuzunishwa na jinsi wanafunzi wake walivyokuwa dhaifu katika kujenga hoja. Akaona chuo kikuu kimechelewa, mtu aanze utotoni. Alichoandika kwa ajili ya watoto hakikuwa kitabu cha kiada. Ilikuwa hadithi, ambamo watoto wenyewe wanagundua kanuni za kufikiri wakiwa shuleni na nyumbani. Mwaka 1974 alianzisha taasisi huko Montclair, New Jersey, akifanya kazi na Ann Margaret Sharp, na kutoka hapo njia hiyo ikasambaa nchi nyingi. Mwenzake Gareth Matthews wa Massachusetts alikwenda hatua moja zaidi. Alionyesha kwamba watoto hawahitaji hata kufundishwa kuanza. Anasimulia mtoto wa miaka sita hivi aliyekuwa akiramba chungu, akamuuliza baba yake watajuaje kwamba vyote hivi si ndoto. Swali hilo ndilo mwanafalsafa Mfaransa Descartes alilolifanya msingi wa kazi yake. Kwa hiyo unaposema falsafa hukuisoma, nakuambia huo si upungufu unaokuzuia. Unachohitaji ni sikio linalolitambua swali kama la yule mtoto wa chungu linapopita, na sikio hilo hupatikana kwa mazoezi.

Usikubali pia kuambiwa kwamba hii ni bidhaa ya kutoka nje. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995, alizunguka na wenzake vijijini Kenya wakihojiana na wazee wenye hekima. Alitofautisha aina mbili za wazee: yule anayeijua hekima ya watu wake na kuieleza vizuri, na yule anayeijua kisha akaipima, akakubali hapa na kukataa pale. Wote wawili ni wazee wa kuheshimiwa, lakini wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Mimi huitumia tofauti hiyo kwenye methali. Tandika khanga mbili sakafuni, au andika methali mbili kwenye karatasi: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Waulize watoto ipi ni ya kweli. Watakwambia zote. Inawezekanaje, kama moja inasema nenda na nyingine inasema subiri? Watoto wanaocheza maigizo watapata jibu haraka kwa kuigiza hali mbalimbali, na baada ya muda wataanza kuuliza methali ni ya kweli kwa namna ipi, kama hesabu ni ya kweli kwa namna nyingine.

Kuchora nitapita haraka. Abigail Housen na Philip Yenawine, waliofanya kazi na jumba la sanaa la MoMA huko New York, waliacha maswali matatu ambayo yanatosha: kuna nini kinaendelea katika picha hii, umeona nini kinachokufanya useme hivyo, tunaweza kuona nini zaidi? Na kwa watoto wakubwa kidogo, leta picha ya tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mtindo huo Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya hardboard, akafa 1972. Picha zinazouzwa leo kwa jina lake zimechorwa na mikono mingine. Je, ni tingatinga? Waachie.

Sasa yule baba. Usimdharau, ana jambo. Mtoto aliyezoea kuuliza kwa nini Jumamosi atauliza kwa nini Jumapili, na ukimwahidi mzazi kwamba hilo halitatokea utakuwa umemdanganya. Unachoweza kumwambia kwa kweli ni kwamba kuna kanuni moja katika duara la mjadala wenu, na uisimamie bila huruma: hakuna anayempinga mwenzake kabla hajayarudia maneno ya mwenzake kwa usahihi, hadi mwenyewe aseme, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Mtoto anayejibizana hasikilizi. Huyu wako analazimika kusikiliza kuliko alivyowahi kulazimishwa nyumbani au shuleni. Mwalike huyo baba akae nje ya duara aone, halafu siku nyingine akae ndani, afuate kanuni hiyo hiyo. Nimewaona wazazi wakali wakinyooshewa kidole na mtoto wa miaka tisa, kwa adabu kabisa, "Samahani baba, sivyo alivyosema," wakatabasamu na kuanza upya.

Lakini kuna hatari nyingine ambayo huyo baba hakuitaja, nami niliingia ndani yake. Katika shule moja nilianzisha mjadala wa uongo moja kwa moja, bila hadithi, bila mchezo: je, kusema uongo ni vibaya siku zote? Ndani ya dakika kumi watoto walikuwa wanaeleza yale waliyoagizwa kuwaambia wakaguzi kuhusu chakula cha mchana. Mwalimu wa darasa alikuwa amesimama mlangoni. Sikuitwa tena, na mbaya zaidi, wale watoto walichapwa. Kosa lile nimelibeba. Hapo ndipo nilipoelewa sanaa inafanya kazi gani hasa. Inampa mtoto pa kusimama. Akisema mfalme wa wanyama amekosea, hajamtaja mtu, na bado amesema alilotaka kusema, na aliyelengwa anaweza kulisikia bila kuvuliwa nguo mbele za watu. Wewe uko Tanga, mji wa Shaaban Robert, kwa hiyo unalijua hili kuliko mimi. Alipotaka kuandika kuhusu utawala usiovumilia ushauri, enzi za ukoloni, aliitundika nchi nzima ya Kusadikika hewani, katika kitabu chake cha mwaka 1951, akamweka Karama kizimbani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Wahurumie watoto wako kwa namna hiyo hiyo. Mambo mazito yapitishe kwa sungura, kwa kadhi, kwa mwembe.

Ukitaka baadaye kutoka kwa watoto uwafikie watu wa mtaa, maigizo ndiyo njia. Augusto Boal wa Brazil alibuni mchezo ambao mtazamaji anapaza sauti, "Simama!", mchezo unasimama, naye anapanda jukwaani kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu uamuzi mwingine. Kwetu, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walifanya kazi ya jamaa na hiyo huko Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wakiigiza matatizo yao na kuyajadili. Kwa vijana na watu wazima ningependekeza pia tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kuhusu Vita vya Maji Maji. Vita hivyo, 1905 hadi 1907, viliwaunganisha watu kwa imani kwamba maji ya dawa yatazuia risasi, nayo hayakuzizuia. Soma onyesho moja kwa sauti barazani, halafu uliza: imani iliyowaunganisha watu na kuwaua, aliyeileta anadaiwa nini? Sijawahi kuona baraza likishindwa kuzungumza hapo.

Neno kuhusu matokeo, kwa sababu wafadhili watakuuliza. Huko Uingereza, jaribio katika shule 48 za msingi lililotolewa ripoti mwaka 2015 lilionyesha watoto waliofanya falsafa walisogea mbele kiasi cha miezi miwili katika kusoma na hesabu. Watu walishangilia. Jaribio kubwa zaidi, ripoti yake ikatoka 2021, halikuiona faida hiyo katika kusoma. Kwa hiyo usiiuze kazi hii kwa ahadi ya alama za mtihani. Mimi naifanya kwa sababu nimewaona watoto wakibadilisha mawazo hadharani bila aibu, na kitu hicho hakionyeshwi na wakubwa mara nyingi.

La mwisho ni la vitendo. Watoto 30 ni wengi kwa duara moja, wanyonge watamezwa. Fanya maduara mawili, 12 ndani na waliobaki nje. Wa ndani wanazungumza, wa nje kila mmoja amepewa mtu mmoja wa kumsikiliza. Baada ya robo saa, wa nje anaeleza yule wake alisema nini na alibadilika wapi, kisha wanabadilishana nafasi. Dakika 40 zinatosha, ukizidisha watachoka na utaanza kuhutubia. Swali lililochaguliwa usilifute. Liache ubaoni na majina yake hadi Jumamosi inayofuata, hata kama watakaoutumia ukumbi katikati ya wiki watalalamika. Waombe wakuachie kona ya juu, upande wa kushoto.